Msumeno wa meza: meno ya kuogopa ni ya nyuma

Kuna video ambayo kila baada ya muda huibuka upya kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi seremala. Mtu anasukuma soseji kuelekea diski ya msumeno inayozunguka kwa kasi. Soseji ikigusa meno tu, unasikia mlio mmoja, diski inazama chini ya meza, na soseji inatoka na mkwaruzo mdogo. Maswali yanayofuata ni yaleyale: hii inapatikana Kampala? Bei gani? Hawakosekani wanaojibu kwamba hayo ni maigizo, na kwamba fundi asiyepungukiwa kidole bado ni mwanafunzi.

Si maigizo. Teknolojia hiyo ilibuniwa mwaka 1999 na Mmarekani Stephen Gass, na kampuni iliyoizaa inaitwa SawStop. Diski hupitishiwa umeme kidogo sana usioweza kumdhuru mtu. Mwili wa binadamu, kama soseji ile, hupitisha umeme kuliko ubao mkavu, hivyo ngozi ikigusa jino mashine inatambua badiliko hilo na kufyatua kipande cha alumini kinachokwama kwenye meno. Diski husimama ndani ya milisekunde 5 hivi. Kipande kile hakitumiki tena, na mara nyingi diski nayo inakuwa imekwisha. Video haielezi kwamba ubao mbichi nao hupitisha umeme na unaweza kuifyatua breki hiyo hata kama vidole vyote viko salama. Yeyote aliyenunua mbao Ndeeba, mtaa wa wauza mbao hapa Kampala, wakati wa mvua anajua ni ngapi humo huwa bado zinatoa maji.

Lakini mimi nina tatizo jingine na mjadala huu. Breki ya soseji humwokoa mtu ambaye kidole chake kimekwisha kufika kwenye diski. Kilifikaje huko? Watu hujibu haraka: uzembe, usingizi, pombe, mkosi. Yapo hayo. Ila mara nyingi mkono haukwenda wenyewe kwenye meno. Ubao ndio ulioupeleka, na ubao una sababu zake ambazo zinaweza kupimwa na kurekebishwa kabla hujawasha mashine.

Kwanza tuelewane kwa majina

Msumeno wa meza ni meza bapa yenye mota chini yake na diski ya meno inayochomoza juu kupitia ufa mwembamba. Diski haitembei, unaotembea ni ubao, na mikono yako ndiyo inayoutembeza. Kwa msumeno wa mkono ni kinyume: ubao umetulia na wewe unaisogeza chuma.

Kazi zake kubwa ni mbili. Kupasua ni kufuata nyuzi za ubao kwa urefu wake, mfano kugawa ubao wa inchi 12 upate viwili vya karibu 6. Kukata ni kupita kukingama nyuzi, kama unapopunguza urefu wa mguu wa kiti. Unapopasua, ubao huegemea reli, ile chuma iliyonyooka iliyofungwa kando ya diski, kwa kawaida upande wa kulia. Unapokata, unautumia ule mhimili wa pembe unaoteleza ndani ya mfereji uliochongwa mezani. Reli kwa kupasua, mhimili kwa kukata. Tutarudi kuona kwa nini vitu hivi viwili visichanganywe.

Ukitembea mitaa ya Kampala kama Bwaise, Nsambya au Katwe utakuta kwamba mashine nyingi hazikutoka kiwandani. Ni chuma za pembe zilizochomelewa, bati nene juu, mota iliyotolewa kwenye mashine nyingine, mkanda na pulei mbili. Sizidharau. Meza nzito iliyochomelewa vizuri hutulia kuliko baadhi ya zile nyepesi za plastiki zinazouzwa ndani ya boksi la kupendeza. Kinachokosekana humo karibu kila mara ni vitu vitatu: bapa la nyuma ya diski, kifuniko cha juu, na swichi inayostahili kuitwa swichi.

Diski ina pande mbili zenye tabia tofauti

Diski ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika ina meno yanayokwenda mita 53 kwa sekunde, yaani kilomita 190 kwa saa. Hakuna gari linaloendeshwa hivyo kwenye barabara ya Entebbe, hata ile ya kulipia.

Sasa simama mahali pa fundi na uitazame diski kutoka ubavuni. Meno yaliyo upande wako yanashuka. Yanapokutana na ubao yanaukandamiza mezani, na ndiyo maana ukataji wa kawaida unahisi umetulia. Meno ya upande wa pili, yaliyo mbali nawe, yanapanda kutoka chini, yanapita juu na kuja kwako. Hayo hayana kazi yoyote ya kukata, kwa kuwa njia imekwisha kufunguliwa na meno ya mbele. Yanatakiwa yapite hewani ndani ya mkato bila kugusa kitu.

Yakigusa, mambo hubadilika. Umewahi kusimama nyuma ya boda boda iliyonasa kwenye tope, dereva akavuta mafuta? Gurudumu halikukusudia, lakini chochote linachokigusa linakipa kasi yake na kukirusha upande ulikosimama. Diski nayo iko vivyo hivyo, ila badala ya tope inarusha ubao wa mvule. Ubao huinuka kwanza kwa nyuma, hupanda juu ya diski, kisha huja kwa fundi kabla hajapata muda wa kukwepa. Wapo waliopigwa tumboni au usoni.

Tukio hilohilo ndilo linalojibu swali la kidole. Mkono uliokuwa ukisukuma kwa nguvu unakosa ghafla cha kusukuma, unaanguka mbele, na mbele kuna diski iliyo wazi. Au ubao unapozungushwa unauvuta mkono uliokuwa umeushika kwa juu. Fundi atakwambia "sijui hata ilivyotokea", na anasema kweli.

Kwa nini ubao uguse meno ya nyuma

Sababu ya kwanza iko ndani ya mti. Mkaratusi, ambao wengi tunauita kalitunsi, hukua ukiwa na mvutano ndani yake: sehemu ya nje ya gogo inavuta, kiini kinabanwa. Ukiupasua unaachia mvutano huo, na vipande viwili ama vinapanuana kama mkasi uliofunguka, ama vinafungana na kuibana diski katikati. Mbao za paini zilizokaushwa haraka juani hufanya hivyo pia. Ukiona mkato unafumba nyuma ya diski wakati bado uko nusu ya ubao, usiongeze nguvu. Zima, ushikilie ubao palepale mpaka diski isimame kabisa, kisha chomeka kabari nyembamba kwenye mkato kabla hujaendelea.

Ya pili ni reli isiyokaa sambamba na diski. Ikiwa upande wa nyuma wa reli umesogea karibu na diski kuliko upande wa mbele, ubao unaingia kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba. Lazima ubanwe. Hili ndilo kosa la mpangilio linalotokea zaidi, na ni rahisi mno kulipima.

Ya tatu ni ubao wenyewe kukosa ukingo ulionyooka. Mbao zinazoletwa na malori kutoka Kongo kupitia mpaka wa Mpondwe mara nyingi zimepasuliwa msituni kwa msumeno wa mnyororo, ukingo wake unapinda kama nyoka. Ubao wa aina hiyo ukiuegemeza kwenye reli utayumba, na kila unapoyumba unageuza ubavu wake kwenye meno ya nyuma. Nyoosha upande mmoja kwa randa kwanza. Ukiupeleka kwa mikono mitupu bila reli wala mhimili, eti unafuata mstari wa penseli, hapo huwezi kuuzuia usijigeuze.

Na ya nne ni msaidizi. Kwenye karakana zetu kijana husimama upande wa pili na kuvuta ubao unaotokea. Akivuta kwa upande kidogo tu, anaupeleka kwenye meno. Kazi ya msaidizi ni kubeba uzito ubao usining'inie. Asivute. Meza ya pili iliyosawazishwa kimo na ya kwanza inafanya kazi hiyo vizuri kuliko kijana, na haichoki.

Bapa ambalo kila mtu analing'oa

Mashine ikitoka kiwandani huja na bapa la chuma lililosimama nyuma ya diski, kwenye mstari mmoja nayo. Wengi hudhani ni la kushikilia kifuniko tu, kwa hiyo kifuniko kikiwakera wanavitoa vyote pamoja na kuvitupa chini ya meza. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha mwisho kung'oa.

Bapa hilo hukaa ndani ya mkato na kuuzuia usifunge. Vilevile huziba njia: ubao ukitaka kugeuka, unakutana na chuma tulivu kabla ya kukutana na meno yanayopanda. Ili lifanye kazi, unene wake uwe zaidi ya mwili wa diski lakini chini ya upana wa mkato. Kama mwili wa diski ni milimita 1.8 na mkato wake ni 2.6, bapa la 2.2 linafaa. Likiwa nene kuliko mkato ubao utakwama, likiwa jembamba kuliko mwili wa diski halizuii kitu. Umbali kati yake na meno uwe milimita 3 hadi 8, na katika mashine nzuri hupanda na kushuka pamoja na diski.

Kwa mashine ya kuchomelewa, fundi chuma mzuri anaweza kukutengenezea la kudumu lililofungwa kwenye fremu chini ya meza. Halitapanda na diski, hivyo si kamilifu, lakini afadhali hilo kuliko nafasi tupu. Tumia chuma ya pua au ya kawaida iliyo bapa kweli, na ukague kwa rula ndefu kwamba diski na bapa viko mstari mmoja.

Chaki, rula na dakika chache

Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana kuna mtu atapita na kuigusa kwa kiuno. Kama mashine imeungwa moja kwa moja bila plagi, zima kwenye swichi kuu na uwaambie walio karibu.

Chagua jino moja, lipake chaki. Lizungushe liwe mbele, kwenye usawa wa meza, upime umbali kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji wa mhimili. Sasa izungushe diski kwa mkono mpaka jino hilohilo lifike nyuma, upime tena. Ni lazima liwe jino lilelile, kwa sababu diski yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo, na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima kupinda kwa diski badala ya mpangilio wa meza. Vipimo viwili vikilingana, diski iko sambamba na mfereji. Kisha sogeza reli mpaka ukingo wa mfereji na uilinganishe mbele na nyuma. Tofauti ya nusu milimita tayari ni kubwa. Kama lazima ikosee, bora upande wa nyuma uwe wazi kwa unene wa unywele kuliko kufumba.

Kimo cha diski kina ubishi wake. Wapo wanaoinyanyua yote juu wakisema inakata kwa urahisi. Ni kweli kwamba meno yakiwa juu hushuka wima zaidi, lakini umeacha sentimita kadhaa za meno wazi zikisubiri mkono. Ifanye ipite juu ya ubao kwa kimo cha jino moja hivi, basi.

Tazama pia ufa ambao diski inapitia. Kwenye mashine zilizochakaa nimeona ufa unaoingiza vidole viwili. Vipande vyembamba huangukia humo, hubanwa na kurushwa. Kata kibao cha plaiwudi kinachoenea pale, kifunge barabara, kisha washa mashine na uipandishe diski polepole ijikatie njia yake.

Halafu kuna hesabu ya pulei, na hii haifanywi kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota nyingi za kasi huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukifunga pulei ya inchi 5 kwenye mota na ya inchi 3 kwenye shafti ya diski, zidisha 2,850 kwa 5, gawanya kwa 3: unapata 4,750. Angalia sasa maandishi kwenye diski. Kila diski ya maana imeandikwa kasi isiyopaswa kuvukwa, na kadiri diski inavyokuwa kubwa ndivyo kasi hiyo inavyopungua. Kama imeandikwa 4,500, umeshaizidi. Jino la kabaidi, ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye diski, likichomoka kwa kasi hiyo, halina tofauti na risasi.

Kwa wenye umeme wa fezi tatu, kila baada ya fundi umeme kugusa waya, iwashe mashine kidogo bila ubao na uzime. Waya mbili zikibadilishana, mota inazunguka kinyume, meno yanakwenda upande wa pili na nati ya diski inaweza kulegea. Meno ya juu yawe yanakuja kwako.

Na umeme ukikatika? Hapa ndipo swichi ya ukutani, ile ya kuwashia taa, inapokuwa mtego. Umeme umepotea, mafundi wamekwenda kunywa chai, mmoja anabaki akisafisha unga wa mbao kwenye diski. Umeme unarudi, swichi bado iko chini, diski inaruka. Swichi inayofaa ni ile ya sumaku, ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Iwekwe mbele, mahali unapoweza kuizima kwa goti mikono ikiwa na ubao.

Ukiwa kazini

Simama kando ya mstari wa diski, upande wa kushoto ikiwa reli iko kulia. Ubao ukirushwa, upite pembeni yako. Macho yatazame mahali ubao unapogusa reli, kwa sababu diski itakata tu hata usipoitazama. Kipande kilicho kati ya diski na reli kisukume mpaka kipite nyuma kabisa ya diski. Kukiachia katikati ndiko kukiachia meno ya nyuma. Nafasi hiyo ikiwa nyembamba kuliko kiganja, tumia kijiti cha kusukumia, kilichokatwa mfano wa mdomo wa ndege kishike kona ya ubao. Kinachongwa kwa mabaki. Kikiliwa na diski unachonga kingine.

Kuhusu reli na mhimili: ukikata kipande kifupi kwa mhimili huku ncha yake ikigusa reli, kipande kikikatika kinabaki kimenaswa kati ya reli na diski, hakina anayekishika. Kitarushwa. Unapotaka vipande vingi vya urefu mmoja, funga kibao kifupi kwenye reli mbele ya diski, ncha ikigusie hapo, ili ubao ukifika kwenye meno uwe umeshaachana na reli.

Glavu. Watu wengi wema huwanunulia mafundi wao glavu kwa ajili ya mashine hii, na wanawaongezea hatari. Jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono mzima ndani. Vaa glavu unapobeba mbao, zivue unapowasha. Mikono mirefu ya shati, leso shingoni, saa na bangili vina kesi hiyohiyo. Miwani ya kinga ni lazima, na masikio yazibwe.

Diski butu nayo husifiwa kwamba haina ukali wa kukata mtu. Kidole ni laini kuliko ubao wowote. Ubutu unachofanya ni kukulazimisha usukume kwa nguvu, ubao upate moto na uanze kunasa.

Vumbi linastahili makala yake. Kwa sasa itoshe kusema kwamba mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwawasha wengi ngozi na kifua. Kitambaa puani hakizuii lile laini.

Kidole kikikatika

Bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uuinue mkono juu ya moyo. Pete zitolewe mapema kabla ya kuvimba. Kidole kilichokatika kisioshwe kwa spiriti wala kisiwekwe moja kwa moja kwenye barafu, kwani barafu inaua nyama. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) lisilovuja ulifunge, kisha kaveera hilo liweke ndani ya jingine lenye maji na barafu. Andika saa ilipotokea. Mgonjwa na kidole chake waende pamoja kwenye hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji. Kwa Kampala, Mulago ni mojawapo ya hospitali za rufaa za taifa.

Mwenye karakana naye ana wajibu wake. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine, kwa hiyo kifuniko kilichotupwa chini ya meza si hiari ya mtu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inampa aliyeumia kazini haki ya kulipwa hata ikidaiwa kwamba alizembea. "Alijikata mwenyewe" si jibu linalomaliza madai. Aliyeumia amjulishe mwajiri mapema, kwa maandishi akiweza, atunze karatasi za hospitali, na akizungushwa aende kwa afisa wa kazi wa wilaya.